Safari ya boti ya tanga jioni Barcelona: jua halizami baharini, na bado nimeridhika

Naanza na kitu ambacho tangazo la kampuni ya boti halisemi. Barcelona jua halizami baharini. Picha waliyoweka pale unapokatia tiketi inaonyesha jua linaingia majini kabisa, lakini mji ule umetazama kusini mashariki, yaani baharini kule ndo linapochomoza asubuhi, jioni linashukia nyuma ya mji upande wa vilima. Jina la kampuni silitaji ila hiyo picha waitoe, sio haki kwa mtu aliyelipa euro 49 kwa kichwa.

Tulienda mwezi wa 9 mimi na mke wangu, boti ya saa 12 na nusu jioni kutoka Port Olímpic, ile bandari ya maboti iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1992, safari ya masaa mawili, ndani yake kuna glasi moja ya cava, ile mvinyo ya mapovu ya kule, au juisi kwa asiyekunywa. Tukaondoka saa 1 kasoro dakika 5 kisa kuna kundi limechelewa. Hapo niliudhika kweli, maana mwezi huo jua kule linazama kama saa 2 usiku na halimsubiri mtu, halafu muda wa kurudi ukabaki ule ule, dakika 25 zetu zikaenda hivyo hivyo. Na muziki waliweka juu mno mpaka tukaomba wapunguze.

Sasa yaliyobaki yote ni sifa tupu.

Tulipotoka nje ya ukuta wa bandari nahodha, dada mmoja mtulivu sana, akapandisha tanga kubwa halafu akazima injini. Aisee. Ule mngurumo ukikatika unasikia maji yanavyopita ubavuni mwa boti, shaaa, shaaa, na kamba zinalia kidogo, watu wote 11 tulinyamaza bila kuambiwa. Mke wangu akanishika mkono akasema sikia, hakuongeza neno.

Baadae nahodha akauliza nani anataka kusaidia, nikaruka mimi. Akanipa kamba ya tanga la mbele, nikaizungusha mara tatu kwenye winchi, ile ngoma ya chuma ya kukazia kamba, nikavuta mpaka mikono ikawaka. Kwenye tanga kuna nyuzi za sufu zimebandikwa pande zote mbili, ukikaa vizuri unaona hata kivuli cha uzi wa upande wa pili, akaniambia usiangalie tanga, angalia nyuzi, zikilala zote zimenyooka kwenda nyuma ujue upepo unapita sawasawa, ule wa upande upepo unapotokea ukianza kurukaruka vuta kamba kidogo. Nikavuta kidogo tu, kama shubiri moja, uzi ukalala, na boti ikainama ikaongeza mwendo pale pale. Kile kitu nimekipenda mno, kusukumwa na upepo halafu unauona upepo wenyewe kwenye uzi.

Nikamuuliza upepo huu mnauitaje, akasema garbí. Nikashtuka kwa sababu ni neno limetoka kwenye Kiarabu, shina moja na magharibi yetu, nikamwambia akafurahi sana akalirudia, magharibi, magharibi. Unavuma kutoka kusini magharibi, mchana nchi kavu ikipata joto unashika nguvu, jioni joto likipungua unalegea.

Na ndo ilivyokuwa. Saa 2 inapokaribia tanga likaanza kupwaya, boti ikasimama karibu kabisa, jua likashuka upande wa kilima cha Montjuïc, ile ngome ya juu kilimani ikawa nyeusi tii, na kule katikati ya mji minara ya Sagrada Família, kanisa linalojengwa toka 1882, imesimama kama magunzi ya mahindi na kreni zake pembeni. Maji yote kati yetu na mji yalikuwa rangi ya shaba. Hapo nikaacha kulidai jua la kwenye picha, kwa sababu ukiwa baharini unatazama nchi kavu unapata mji mzima mbele ya ile rangi, jua la kuzama majini lisingenipa hicho.

Kurudi ilikuwa injini tu, hakuna upepo, msilaumu nahodha.

Kwa anayetaka kwenda: ukitaka kusafiri kwa tanga hasa chukua boti ya alasiri, ukitaka rangi za mbinguni chukua ya mwisho ila uliza kwanza jua linazama saa ngapi, mwezi wa 6 ni mpaka kama saa 3 na nusu usiku na linaenda kuzamia upande wa kilima cha Tibidabo, mwezi wa 12 saa 11 na nusu jioni limeshaondoka. Kama tumbo lako halipendi mawimbi jiandae kwa zile dakika boti imesimama, ndo inayumba zaidi. Na koti beba hata kama mchana ulikuwa unatoka jasho, sisi tulirudi tumejifunika taulo moja wawili.

Nawapa nyota 4, na mwakani tukijaliwa tunakata tena na dada yule yule.