Estonia na Urusi: njia mbili za kurekebisha sayansi baada ya Usovieti
Nchi zote mbili zilirithi mfumo uleule: Akademia ya Sayansi iliyomiliki taasisi za utafiti, na vyuo vikuu ambavyo kazi yao kubwa ilikuwa kufundisha.

Estonia haikungoja. Mfuko wake wa sayansi ulianzishwa mwaka 1990, na fedha zikaanza kugombewa kwa andiko la mradi. Kisha ikawaita wataalamu wa Sweden waje kupima ubora wa tafiti zake. Katika nchi ndogo ambamo watafiti wanajuana kwa majina, na hivyo ni vigumu kupimana bila upendeleo, huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote. Baadaye taasisi nyingi za akademia zikahamishiwa vyuo vikuu.

Urusi nayo ilianzisha mfuko wa ushindani mwaka 1992, lakini akademia ilibaki na taasisi zake hadi 2013, serikali ilipozichukua kwa sheria ya harakaharaka huku wanasayansi wakiandamana.

Mimi naona njia ya Estonia ni bora, japo ina gharama yake: mtafiti kijana anayelipwa na ruzuku hana uhakika wa mshahara mradi ukiisha.