Mzinga wa povu, mwaka mmoja uani Leicester

Babu yangu kule Sikonge angeucheka. Kwake mzinga ni gome la mti lililobanduliwa zima, likashonwa, likazibwa miishoni, likapandishwa mtini kwa kamba. Huu wangu ni wa povu, lile jeupe linalokuja limeikumbatia televisheni mpya ndani ya boksi, ila hili limeshindiliwa mpaka ukucha hauingii kirahisi. Kuta zake zina unene wa kama sentimita 4. Mzinga wangu wa mbao haufiki hata 2. Tofauti hiyo ndiyo iliyonitoa pauni 140, pamoja na sakafu, mfuniko na kilishio cha juu, na kwa tofauti hiyo sijuti. Kwa mengine, subiri.

Nilihamishia nyuki humo Agosti mwaka jana, nikauweka kando ya ule wa mbao, nyuma ya banda la baiskeli. Aprili nilipofungua, wa povu ulikuwa na nyuki kwenye fremu 8, vile viunzi vya mbao wanamojengea masega, wa mbao 5. Mizinga miwili si utafiti, na huenda malkia wa kwenye povu ni hodari tu. Lakini asubuhi za Januari, mfuniko wa mzinga wa mbao ukiwa umepigwa na barafu, mimi nimesimama na kikombe cha chai mkono unatetemeka, najua ningechagua kulala wapi.

Ukiununua, upake rangi kabla hujaingiza hata nyuki mmoja. Povu likiachwa wazi juani hugeuka manjano na kuanza kumung'unyuka unga. Rangi ya maji ya ukutani inatosha, mikono miwili. Fremu ni za kawaida za National, aina ya mzinga iliyozoeleka hapa Uingereza, 11, kwa hiyo zile za mzinga wa mbao ziliingia bila ugomvi.

Sasa uzito, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye tangazo. Hapa Uingereza kundi la nyuki linahitaji kama kilo 20 za akiba ya chakula kuvuka baridi, na wafugaji wa zamani hujua kwa kuunyanyua mzinga kidogo kwa nyuma: ukikataa kutoka, nyuki wameshiba. Povu linadanganya. Lenyewe jepesi, basi hata ukiwa na asali tele mkono unakwambia hamna kitu, nawe unaingiwa na hofu bure. Dawa yake iko kabatini kwa kila Mbongo anayeishi ughaibuni: ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari. Inasishe chini ya sakafu upande mmoja, inua kidogo tu, soma, nenda upande wa pili, inua, soma, jumlisha. Jumamosi iliyopita ilikuwa 14 na 12. Ukitoa mzinga wenyewe, fremu na nyuki, bado wananidai.

Kwa hiyo nalisha, na hapo ndipo kilishio kinapoingia, na ndipo nyota zinapoanza kudondoka. Ni beseni la povu linalokaa juu ya mzinga, nyuki wanapanda kwa njia ya katikati na kunywea nyuma ya kizuizi cha plastiki ili wasizame. Kwenye picha ni kitu cha akili sana. Usiku wa kwanza nilimimina lita 4 za maji ya sukari, kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji, na kizuizi kikaelea. Asubuhi nilikuta nyuki waliozama wanajaa kiganja, wamelala ubavu kama kokwa za tende. Kona moja nayo ilikuwa inavuja nje, tone, tone, hadi kwenye majani. Niliwaandikia wauzaji, duka la mtandaoni ambalo sitalitaja. Jibu lilikuja siku ya tisa: yeyusha nta upake kwenye kona. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba walikuwa sahihi. Nta imeziba, na kizuizi nimekikandamiza kwa jiwe la mtoni.

Lakini siku hizo tisa zilinigharimu, maana tone la sukari mwezi wa Septemba ni mwaliko. Nyigu wakati huu hawana tena mabuu wa kuwalisha na kulishwa nao, wanazurura wakitafuta utamu, na tufaha za jirani zilizooza chini zilikuwa zimeshawalevya. Walikuja mzinga wa povu kwa sababu mlango wake ni mpana mno, na boksi halikuja na kipunguzio. Nilikata kipande cha mbao nikauacha mlango upana wa vidole viwili. Ndani ya saa moja walinzi wakawa wanatosha: nyigu akitua, nyuki watatu wanamdaka miguu, wanajiviringisha naye hadi chini kwenye nyasi.

Kingine ni nafasi ya juu ya fremu. Nyuki huheshimu uwazi wa milimita 6 hadi 9. Ukizidi hapo wanaona ni chumba kitupu, wanajenga. Huu wangu una kama 14. Julai nilipouinua mfuniko, masega ya ziada yaliyounganisha fremu na dari yalichanika, asali ikamwagika juu ya majana, watoto wa nyuki, na nyuki walinieleza wanavyojisikia, mara mbili shingoni. Nimebandika plastiki nene juu ya fremu. Kwa bei ile sikupaswa kuwa fundi.

Kamusi zinasema majira haya ni vuli. Mimi neno hilo halinikai mdomoni. Vuli ya Pwani inaleta mvua na maua. Tabora hatuna hata hiyo, tuna masika na kiangazi basi, na asali kubwa tunarina masika yakishapita. Hapa mambo yanafungwa. Mchicha umetoa mbegu, nyanya zimeliwa na ugonjwa, maboga matatu ndiyo yamebaki yananitazama. Madume ya nyuki yanaburutwa nje mlangoni na dada zao, moja limeng'ang'ania ukingo wa povu kwa miguu ya nyuma, linavutwa, linarudi. Kule kwetu nyuki wakiona njaa wanahama, wala hakuna anayewanunulia sukari. Mke wangu alipopitisha kilo 24, keshia akamuuliza kama tuna harusi.

Ila wiki hii aivi, mmea utambaao, imeanza kuchanua kwenye ukuta wa kanisa, harufu yake nzito, si ya kupendeza, na nyuki wanarudi na chavua ya manjano miguuni. Wale wanaotoka upande wa mfereji, kwenye maua ya balsamu, wanarudi weupe mgongoni kama watoto waliotumwa mashineni kusaga. Nimeacha kulisha kwa siku nne nione wanapata nini wenyewe.

Ukiuliza kama ununue: mzinga, ndiyo. Kilishio kiache dukani, chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa matundu uipindue juu. Ujue pia kwamba povu huwezi kulichoma kwa moto kuua magonjwa kama mbao. Ni kusugua kwa magadi na maji moto, na uvumilivu. Na nunua wavu wa kuku. Ardhi ikiganda, kigogota wa kijani hapati chakula chake cha kawaida, wale sisimizi wa kwenye nyasi, na povu kwake ni mkate. Februari alitoboa tundu la kuingia kidole gumba, upande wa kusini. Nimeliziba kwa kizibo cha chupa na rangi juu yake. Wa mbao hakuugusa.