Uzoefu wangu na kisu cha kukunja cha Sheffield kilichofuliwa kwa mkono

Miaka miwili iliyopita niliagiza mtandaoni kisu cha kale cha kazi, cha kukunja, chenye bapa lililopinda kama mundu, cha aina iliyotumiwa na wakulima wa matunda kupogolea matawi. Bapa ni la chuma cha kaboni lililofuliwa kwa mkono, na mpini ni wa pembe ya kulungu. Kwenye shina la bapa, yaani sehemu isiyo na makali karibu na mpini, pamepigwa chapa ya Sheffield, mji wa Uingereza unaojulikana kwa visu, pamoja na jina la Uingereza. Muuzaji alikitangaza kuwa cha mwaka 1850, nami sikubaliani naye, kwa sababu ni sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 iliyolazimisha bidhaa zinazoingizwa huko zitajwe nchi zilikotengenezwa, na chapa za namna hii zilienea baada ya hapo.

Sifa yake kubwa ni springi ya mgongo, kile kipande cha chuma mgongoni mwa mpini kinacholibana bapa. Ukilifungua, bapa hukaza kidogo, kisha hujibana mahali pake kwa mlio mkavu, na ukilisukuma kushoto na kulia halichezi. Siku hizi hilo ndilo ninaloulizia kabla ya kutazama picha, kwa kuwa kutu ya juujuu huondoka kwa mafuta na uvumilivu, ilhali springi iliyopasuka haibadilishwi bila kung'oa ribiti, vile vijiti vya chuma vinavyoushikilia mpini, na kuuhatarisha mpini wenyewe. Bapa limepungua upana kwa kunolewa, jambo ambalo kwenye kisu cha kazi silihesabu kuwa dosari, mradi ncha isichomoze nje ya mpini kikiwa kimefungwa. Changu hakichomozi.

Makali hupatikana upesi kwenye jiwe, lakini utomvu wa matawi mabichi huacha madoa usipolipangusa bapa mara moja na kulipaka mafuta. Nakihifadhi mbali na visu vyenye mpini wa seluloidi, kwani plastiki hiyo ya zamani ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma cha visu vya jirani. Niliwahi kuharibikiwa na bapa zuri kwa kuvilaza pamoja katika droo moja.

Kinachoniudhi ni kwamba kisu kilifika kimeng'arishwa kwa mashine, ule ukijivu uliojengeka kwa miaka mingi umefutika, na herufi za chapa zimefifia hata nikazisoma kwa kioo cha kukuzia. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano muuzaji aliisugua pamoja na chapa.