Kijitabu cha mashairi ya Kiingereza cha kale: vitendawili vimetulia, tenzi zimelazimishwa

Kinauzwa kwenye steshenari za Ngamiani, hapa Tanga: kurasa 48 za fotokopi zilizobanwa kwa spairo, shilingi 6,000, na sauti unarushiwa kwenye simu. Ndani mna tungo za Waanglo-Saksoni, wale wa Uingereza ya kabla ya 1066, kwa lugha yao na kwa Kiswahili: wimbo wa Cædmon wa kumsifu Muumba, vipande vya Beowulf, utungo mrefu wa shujaa wa jina hilo, na vya vita vya Maldon, na vitendawili 12.

Anzia kwenye vitendawili, ndiko hela yako iliko. Vimetoka kwenye hati ya Exeter, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, ambayo ina zaidi ya 90, na mfasiri kavitega kama vinavyotegwa barazani: maneno machache, hakuna kufafanua. Kile cha nondo aliyekula maneno, chenye mistari 6 tu, kimekaa sawasawa. Mwizi wa gizani anameza maneno ya mtu, na werevu haumwongezeki hata chembe. Nondo katajwa tangu neno la kwanza, kwa hiyo kazi ya msikilizaji ni kujua maneno yanalikaje. Kosa ni moja, majibu yamechapwa papo hapo chini. Hati yenyewe haina majibu, na mengine yanabishaniwa hadi leo. Funika na karatasi, anayeshindwa atoe mji.

Kwenye tungo ndefu mambo yanaharibika. Mfasiri kaona ni mashairi, akayatia kwenye utenzi: mizani 8, vina vitatu na bahari. Mistari 9 ya Cædmon, yaani vipande 18, imekuwa beti 7, vipande 28. Vile 10 vya ziada ni "nawambia", "sikieni", "kwa hakika" na ndugu zao. Si guni, mizani imetimia, lakini utungo umevimba.

Ushairi ule hauhesabu mizani wala haufuati vina. Unahesabu mikazo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu. Mstari una vipande viwili, kila kipande mikazo miwili, na sauti ya mwanzo ya silabi yenye mkazo ndiyo inayofunga vipande pamoja. Mkazo wa tatu ndio nguzo: wa kwanza au wa pili, au yote miwili, huufuata, wa nne huachwa ukae mbali. Irabu yoyote hulingana na irabu yoyote, ila sp, st na sc kila moja hulingana na mwenzake tu. Haya kijitabu hakiyasemi popote.

Kwa Kiswahili inawezekana, ila kuna mtego. Tazama: "Wazee wakali, wakashika ngao." Unasikia wa-wa-wa ukadhani umepata. Hujapata kitu, hizo ni ngeli, sarufi inakupa bure. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo pana ze, ka, shi, nga, hakuna zinazofanana. Sasa hii: "Mkuki mkali, ukakata ngao." Ku, ka, ka, kisha nga. Mikazo mitatu imeshikana, wa nne uko huru, na hakuna neno la kujazia. Mfasiri angeifanya hivi hata kwa kurasa mbili tu, kijitabu kingekuwa kingine.

Kipande cha Maldon ndicho kitakachomgusa mtu wa Tanga anayeujua utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa vita vya Wadachi: hapa pia wageni wametoka baharini, na mkubwa wa wenyeji anauawa. Vita ni vya 991, na mistari 325 iliyobaki haina mwanzo wala mwisho. Neno ofermod, sababu ya Byrhtnoth, huyo mkubwa wa wenyeji, kuwaruhusu Waviking, hao wageni, wavuke, limetafsiriwa "kiburi" bila hata nyota ya maelezo. Wataalamu wanavutana hapo: ni kiburi, au ni ushujaa uliopita kiasi? "Ghururi" ingebeba mzigo vizuri zaidi.

Sauti ni safi, ila msomaji hapumui katikati ya mstari, na bila pumziko hilo vipande viwili vinakuwa kimoja. Pia anasoma sc kama "sk"; scip ni "ship", fisc ni "fish". Kijitabu kinasema þ ni th na ð ni dh. Sivyo. Waandishi walizitumia kwa kubadilishana: mwanzoni au mwishoni mwa neno ni th ya thelathini, katikati ya irabu ni dh ya dhahabu. Bahati nzuri Mswahili anazo zote mbili mdomoni.

Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa Beowulf utafute neno þæt. Nakala nyingine zilichapwa kwenye kompyuta isiyo na herufi hizo, ikatoka "paet", na ukurasa mzima hausomeki. Rudisha, omba nyingine. Ikiwa zote ni hivyo, ng'ang'ania 3,000 kwa ajili ya vitendawili.