Bunduki ya mashoto kaliba .375 Ruger: niliipenda, nikairudisha mezani

Mimi ni mashoto. Utotoni mama alinibadilisha kwenye kula, mwalimu akashindwa kunibadilisha kwenye kuandika, na kwenye kulenga hakuna wa kunibadilisha kwa sababu hata jicho langu la kulengea ni la kushoto. Nimefanya kazi ya uwindaji wa kitalii miaka tisa, mingi nikiwa msaidizi wa mwindaji bingwa huko Rungwa, na muda wote huo nimebeba bunduki ya kampuni: Brno ya zamani ya Czechoslovakia, kaliba (yaani ukubwa wa risasi) .458 Winchester Magnum. Chuma chake ni chuma kweli, lakini bolti, ule mkono wa chuma unaovuta kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, iko kulia na kitako kimechongwa kwa ajili ya shavu la mtu wa kulia.

Kwenye magongo hilo halinisumbui sana. Bunduki imeegemezwa, una muda, unajipanga. Shida ni pale unapokuwa umesimama wima na kitu kinakujia.

Msimu uliopita mgeni alimjeruhi dume la nyati, naye nyati akaingia kichakani. Tulisubiri nusu saa tukamfuata. Mzee wetu wa nyayo alikuwa mbele ameinama, akitugusia kwa kijiti kila jani lenye tone la damu, bila kusema neno. Ndorobo walikuwa wananila shingoni na sithubutu kuwapiga. Nyati akatokea ubavuni, hatua kama ishirini. Risasi yangu ilimpata begani, hakusimama. Ikabidi mkono wa kushoto uachie kitako, uvuke juu ya bunduki, ushike bolti upande wa pili na kuvuta. Nikavuta, ila sikufika mwisho. Ganda halikutoka. Nilipoisukuma bolti mbele nikalirudisha lile lile ganda tupu kwenye chemba, na nilipofyatua nikasikia "tik". Bosi ndiye aliyemwangusha. Baadaye nilipima kutoka miguu yangu hadi pua ya nyati: hatua tisa.

Kwa hiyo niliposikia kuna mzee hapa Arusha ameacha kazi ya uwindaji na anauza bunduki yenye bolti upande wa kushoto, sikulala vizuri usiku huo. Bunduki za mashoto za kaliba ya nyati hazionekani ovyo. Viwanda vingi huzitengeneza chache, na nyingine havitengenezi kabisa.

Ilikuwa Ruger M77 Hawkeye, ile wanayoiita Guide Gun. Chuma chake hakishiki kutu kirahisi, mtutu ni mfupi wa inchi 20, kitako ni cha mbao za tabaka zilizogandishwa zenye rangi ya kijani. Kaliba ni .375 Ruger. Mzee alitaka milioni sita na nusu, pamoja na risasi thelathini na moja zilizobaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mashoto? Shika basi, usiogope."

Nilipoiweka begani nilinyamaza. Miaka tisa nimezoea kupindisha shingo, leo shavu limelala penyewe na jicho limekuta kilengeo pale pale. Mkono ukatoka kwenye kifyatulio, ukapanda, ukavuta bolti, ukarudi. Uso haukuondoka kwenye kitako.

Lakini nilikuwa nimekuja kukagua, si kufurahi. Kwanza namba: ile iliyo kwenye chuma nikailinganisha na iliyo kwenye leseni yake. Ukikuta hazifanani, aga uondoke, kwa sababu bila polisi kuidhinisha hakuna mauzo halali ya bunduki nchi hii, na makaratasi mabovu yatakufuata wewe, si aliyekuuzia. Hapa zilifanana.

Kisha nikatoa bolti, nikaweka karatasi nyeupe upande wa chemba na kuchungulia kutoka mdomoni mwa mtutu. Mifereji ya ndani ilikuwa imechongeka vizuri, kingo kali, na mdomo wa mtutu haukuwa na pengo. Bunduki ya mwindaji haichakai sana kwa kufyatuliwa. Inachakaa kwa kusafishwa vibaya na kwa kugongwa ndani ya gari. Hii mikwaruzo ilikuwa ya nje tu.

Nikamwomba tufungue kitako. Kwa bunduki zenye teke kubwa hapo ndipo ugonjwa hujificha, kwenye mbao nyuma ya chuma, ufa mwembamba kama unywele. Ruger hizi zina jambo lake: skrubu ya mbele haiingii wima, imelala mshazari, inavuta chuma chini na nyuma kwa pamoja. Hukazwa ya mbele kwanza, ya nyuma baadaye. Mtu aliyeifungua kabla yetu hakujua hilo, au hakujali, maana ya mbele niliizungusha kwa vidole viwili tu. Ufa hapakuwa. Tulikaza upya kwa utaratibu.

Nikaingiza risasi tatu za mazoezi zisizo na baruti, nikavuta bolti polepole, halafu kwa kasi, halafu nimeilaza ubavu. Ukucha wa kushika ganda ni mpana, wa mtindo wa Mauser, unaikamata risasi tangu inapotoka magazini. Haikukwama hata mara moja. Sefti ina hatua tatu, kila moja inasikika. Kasoro pekee niliyoiona ni mdomoni: kile kipunguza teke cha kufunga na kufungua kilikuwepo, lakini pete ya uzito inayochukua nafasi yake ilikuwa imepotea. Kwangu hilo ni zito. Kipunguza teke kinapiga kelele ya kuumiza masikio, na mbele yangu hutembea yule mzee wetu wa nyayo. Nikakifungua na kujaribu bila hicho.

Tulikwenda kulenga yeye na leseni yake wakiwa hapo hapo. Hatua hamsini, kwenye magongo, risasi tano: matundu yote yangefunikwa na mdomo wa kikombe cha chai. Nyingine mbili za mwisho nilifyatua nimesimama bila kuegemea, haraka haraka. Sijawahi kupiga risasi ya pili kwa kasi ile maishani. Ganda la kwanza lilikuwa bado linaviringika chini nilipofyatua tena.

Nguvu ipo. Risasi ya nafaka 300, yaani gramu 19 na kitu, inatoka kwa kasi inayozidi kidogo ile ya .375 H&H ya kawaida (kifupi cha Holland & Holland), na kipenyo ni kile kile kinachokubalika kwa wanyama hatari Tanzania. Teke lake ni la ghafla zaidi kuliko la .458 yangu, lakini linavumilika.

Sasa hesabu. Risasi zimebaki ishirini na nne. Mimi kwa mwaka hufyatua sitini kwa mazoezi tu, na kila safari kuna mbili tatu za kuhakiki kama bunduki bado inapiga panapotakiwa. Niliingia maduka mawili. .375 H&H zipo, .458 zipo. .375 Ruger hawana, na mmoja alidhani nimekosea jina. H&H ilianza mwaka 1912 na imekaa Afrika zaidi ya karne; Ruger ilitoka 2007. Haziazimani. Ganda la H&H lina urefu wa milimita 72, la Ruger halifiki 66, na bolti haifungi. Hata wazo la kubadilisha mtutu halisaidii, kwa sababu .375 Ruger ilibuniwa ili itoshe kwenye bunduki ya urefu wa .30-06, kaliba ya kawaida yenye risasi fupi zaidi. Magazini ni fupi kwa H&H.

Porini risasi zikiisha huombi dukani. Unaomba kwa bosi, kwa mgeni, kwa kambi ya jirani. Kambi zote nilizofanyia kazi zilikuwa na H&H. Sikuwahi kukutana na mwenye .375 Ruger.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu kuliko inavyostahili. Bei ilikuwa ya haki. Bunduki ilikuwa nzima. Nikamwambia mzee, "Nisamehe, nimekuchosha bure," akasema hapana, angeuliza maswali hayo hayo. Iliniuma, na bado inaniuma. Nimerudi kwa Brno, na kila jioni nafanya mazoezi ya kuvuta bolti mpaka mwisho, mara hamsini bila risasi, nikisubiri itokee ya kushoto yenye kaliba ya H&H.

Hiyo Ruger bado iko kwake. Mashoto mwenye uhakika wa kuletewa risasi kutoka nje kihalali, kila mwaka, na akaanza na walau mia moja, aende akaitazame bila wasiwasi. Aulizie ile pete ya uzito, na kabla ya kulenga akague skrubu ya mbele.