Somo la hali ya masharti ya Kihispania: maelezo safi, mazoezi yanakera

Naongoza watalii hapa Arusha, na wageni wangu wengi wanatoka Hispania na Argentina. Programu hii niliilipia kwa ajili ya somo hili hasa, la kusema "ningefanya" kwa Kihispania. Kwenye maelezo wamejitahidi kweli. Hukati kitu: unachukua kitenzi kizima, hablar (kuongea), comer (kula), vivir (kuishi), unabandika -ía mwishoni, unapata hablaría, comería, viviría. Viambishi ni vilevile kwa makundi yote matatu ya vitenzi, -ar, -er na -ir, na alama ya mkazo haibanduki juu ya í. Sasa namuuliza mgeni "¿Le gustaría parar aquí?" (ungependa tusimame hapa?) badala ya kumwamrisha ashuke.

Kilichonikosha zaidi ni tahadhari yao kuhusu sentensi za "si", yaani "kama" ya Kihispania. Sisi tumezoea -nge- pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningenunua gari. Kihispania hakitaki hivyo. Ni "Si tuviera dinero, compraría un coche". Hali ya masharti inakaa upande wa matokeo tu. Wanaojisomea wenyewe wengi huteleza hapo.

Mazoezi sasa, jamani! Ukisahau mkazo unakosa alama, sawa, lakini kibodi yao kwenye simu yangu haina í. Halafu yo (mimi) na él (yeye) zote ni hablaría, nao wanakuuliza mzungumzaji ni nani kwenye sentensi isiyo na muktadha wowote. Utajuaje? Na zile zisizofuata kanuni hiyo ya kubandika tu, tendría, haría na diría, wamezifungia kwenye kifurushi cha bei ya juu. Nyota tatu, na ya tatu ni ya huyo aliyeandika maelezo.