Paneli za fito kwa chumba cha sinema chenye sura ya kishamba: zinafaa wapi, zinashindwa wapi

Anayetaka chumba cha sinema nyumbani chenye sura ya mbao ghafi na mawe hukutana haraka na paneli za fito. Zinauzwa zikiwa tayari, hubandikwa kwa siku moja, na tangazo huahidi kwamba zinapendezesha ukuta na kumeza mwangwi kwa pamoja. Ahadi ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ina sharti, na sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo.

Paneli ya kawaida ina urefu wa sentimita 240 na upana wa 60. Fito zake ni za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), upana wa milimita 27 hivi kila moja, zimevikwa ganda jembamba la mbao na kupangwa kwa nafasi ya milimita 13 juu ya feliti nyeusi yenye unene wa milimita 9. Unene wote ni kama milimita 22. Kabla ya kununua, tandaza paneli mbili au tatu sakafuni na ukague nyuzi za mbao. Ukiona fundo lilelile limejirudia mahali palepale, hilo si ganda la mbao bali ni karatasi iliyochapishwa. Karatasi hainywi mafuta ya mbao, haipigwi msasa, na ikikwaruzwa haitengenezeki. Kwa chumba cha kisasa haidhuru sana, lakini pembeni ya mbao kuukuu za kweli udanganyifu wake huonekana kutoka mlangoni.

Sasa sauti. Daraja A la ufyonzaji, yaani daraja la juu kabisa la kumeza sauti, linalotangazwa kwenye paneli hizi kwa kawaida limepimwa zikiwa juu ya papi (vipande vya mbao vinavyopigiliwa ukutani kuzishikilia), na nafasi ya nyuma imejazwa sufu ya mawe (nyuzi laini zitokanazo na mawe yaliyoyeyushwa). Paneli hiyohiyo ikigundishwa moja kwa moja kwenye plasta inabaki na milimita 9 tu za feliti, na unene huo hushika masafa ya juu peke yake, yaani sauti nyembamba, takriban kuanzia Hz 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) kwenda juu. Sababu ni urefu wa mawimbi. Wimbi la Hz 1000 lina sentimita 34, la Hz 100 lina mita 3.4, na kitu chembamba kilicholala ukutani hakiwezi kulikamata wimbi refu kiasi hicho. Ndiyo maana chumba kilichobandikwa fito kuta zote nne bila kitu nyuma husikika vibaya kuliko kilivyokuwa kitupu: kung'aa kwa sauti kumekufa, besi imebaki ikivuma, na maneno ya waigizaji yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Wengi hulaumu spika.

Kwa hiyo hukumu ni hii: usizinunue kama huna nia ya kupiga papi. Ukipiga papi za sentimita 5 na kujaza sufu ya mawe yenye uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, paneli huanza kufanya kazi ya maana kuanzia Hz 300 au 400, na hapo mazungumzo ya filamu husafika.

Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, kimo mita 2.7. Ukuta wa nyuma wa mita 4 unahitaji paneli 7, ya mwisho ikikatwa. Kuta za pembeni hazihitaji kufunikwa zote; paneli 2 kila upande zinatosha, zikiwekwa pale sauti ya spika inapogonga ukuta kwanza kabla ya kumfikia mtazamaji. Mahali hapo hupatikana kwa kioo: mmoja akae kwenye kiti kikuu, mwingine atembeze kioo ukutani kwa kimo cha masikio. Kioo kikionyesha spika ya mbele ya upande ule, weka alama. Jumla ni paneli 11, ongeza moja ya akiba. Papi zilale mlalo, mistari mitano, umbali wa sentimita 60 kati kwa kati: mita 32, nunua 35. Sufu ya mawe yenye unene wa sentimita 5 itakuwa mita za mraba 15 na ushei. Nafasi kati ya papi inabaki sentimita 55, basi kata sufu 56 ili ijishike yenyewe bila gundi. Vaa barakoa na glavu.

Paneli zifungwe kwa skurubu nyeusi za milimita 35 kupitia kwenye feliti, kamwe si kupitia kwenye ufito. Tatu kwa kila papi, yaani 15 kwa paneli. Ukikaza mno feliti hubonyea na ufito wa jirani huinuka; simama kichwa cha skurubu kikigusa tu. Paneli zilale ndani ya chumba chenyewe saa 48 kabla ya kufungwa, kwa kuwa MDF huvimba na kusinyaa kwa unyevu. Ukuta wa nje unaotoa jasho utibiwe kwanza. Kuficha unyevu nyuma ya sufu ni kufuga kuvu.

Kwa msumeno wa mviringo wa mkono, geuza uso wa paneli uangalie chini ili meno yasing'oe ganda. Feliti ikatwe kwa kisu. Ncha iliyokatwa huonyesha MDF ya kahawia, ipake rangi nyeusi isiyong'aa.

Kimo cha mita 2.7 kinaacha sentimita 30 zisizofunikwa, na hapa ndipo sura ya kishamba inapopatikana. Fito zimenyooka mno, zinafanana mno. Peke yake zinaleta sura ya hoteli. Weka ubao mpana wa mbao kuukuu chini ya paneli, upande unaopigwa na viatu na mashine ya kufagilia, na boriti moja nzito juu ya skrini. Mbao kuukuu zikaguliwe kwa sumaku kutafuta misumari, zipimwe unyevu (asilimia 8 hadi 12 ndiyo salama kwa ndani), na zile zenye vitundu vya bungua na unga mpya zirudishwe au zipitishwe kwenye tanuri la kukaushia. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, hivyo usiipige msasa kavu. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia kuoza ziache nje.

Rangi ya fito ni suala la picha pia. Mwanga wa projekta huruka kutoka kwenye skrini, hupiga kuta na dari za mbao nyeupe, kisha hurudi na kuifanya nyeusi iwe kijivu. Ndani ya mita moja kuzunguka skrini chagua fito za rangi ya moshi au kahawia iliyokolea, bila vanishi ya kung'aa. Nafasi nyeusi kati ya fito husaidia sana hapa, na ni sifa ambayo wauzaji hawaitangazi vya kutosha. Taa za vuguvugu, Kelvin 2700, zifichwe juu ya boriti zikiangaza ukuta ulio nyuma ya boriti, zisielekee skrini.

Mambo mawili paneli hizi haziwezi, hata ukizifunga kwa ustadi. Hazizuii sauti kutoka nje ya chumba; hilo linataka uzito, kama tabaka mbili za jipsamu na mlango wa mbao usio na uwazi ndani, wa sentimita 4, wenye mpira pande zote. Mlango wa kuteleza wa ghala, unaopendwa mno katika mtindo huu, huacha upenyo kuzunguka fremu na sauti yote hupita humo. Ukiutaka, uwe pambo mbele ya mlango wa kweli. Pia hazigusi besi. Chumba cha mita 5 kina mvumo wake karibu na Hz 34, na kile cha mita 4 karibu na 43. Kwa mvumo huo jenga mitego ya besi kwenye kona, kuanzia sakafuni hadi darini: pembetatu ya sufu ya mawe yenye upande wa sentimita 60 hivi, ifunikwe gunia lililotiwa dawa ya kuzuia moto, kisha mbele pigilia fito za mbao kuukuu zenye nafasi. Gunia lifae kupitisha pumzi. Lipulize, usipohisi hewa upande wa pili, sauti nayo haitapita vizuri. Mitego hii hupunguza mvumo, haiumalizi. Kuhamisha subwufa nusu mita kando ya ukuta mara nyingi huleta tofauti kubwa kuliko paneli moja zaidi.

Ukuta wa mawe? Mikunjo ya sentimita 2 husambaza sauti kuanzia karibu Hz 4000 tu. Chini ya hapo ni ukuta mgumu kama mwingine. Usiuweke nyuma ya kiti kikuu.

Ukimaliza kufunga, cheza mlio unaopanda polepole kutoka Hz 20 hadi 200 kwa sauti ya kuangalia filamu, na utembee chumbani ukiwa na kipande cha chaki. Kila ubao unaotetema utajitaja kwenye masafa yake. Tia alama, ongeza skurubu au ukanda wa feliti nyuma yake, rudia. Boriti ya mapambo yenye uwazi ndani na fremu za picha ndizo wakosaji wakubwa. Fito zilizofungwa kwa skurubu huwa kimya, ila zilizogundishwa kwa matone machache huachia kona baada ya muda.

Anayebana matumizi anunue paneli za ukuta wa nyuma tu. Pembeni ajenge fremu za mbao kuukuu zenye sufu ya sentimita 10 na gunia. Zitafyonza kuliko paneli za dukani, na zitaonekana za kishamba zaidi.